Mstaafu, Ukienda Homa Bay Beba Daftari



Kuna swali ambalo limekuwa likinifikia kutoka pande nyingi, na leo nimeliachia kona nzima. Mmoja ananiuliza kutoka Musoma, mwingine Tororo, mwingine yuko Uingereza ambako ameuguza wazee wa watu mpaka naye mvi zimemjaa. Maneno yanatofautiana lakini haja ni ile ile: nimestaafu, nguvu bado ninazo, watoto wanajitegemea, nimesikia habari za kinamama wa Migori na Homa Bay, nchini Kenya, wanaofinyanga vyungu na kusuka vikapu, na ninatamani kwenda kukaa nao miezi michache niwasaidie. Dada, nianzie wapi?

Anzia kwenye kazi uliyokuwa ukifanya miaka yote hiyo. Cheo kiweke kando. Nataka kujua mikono yako ilishika nini kila asubuhi: leja, funguo za stoo, simu ya wateja, mafaili ya wafanyakazi, chaki? Hicho ndicho utakachopeleka. Ufundi wa chungu na kikapu kinamama wa huko wanao, tena wametuzidi mbali wewe na mimi. Wanachokosa wengi wao ni mtu wa kukaa nao mezani, kwa subira, mpaka hesabu ya kazi yao ionekane kwenye karatasi.

Umri usiwatishe. Kenya iliongeza umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Tanzania nayo ni 60 kwa lazima, na anayetaka huondoka akiwa na 55. Mtu wa umri huo hajaisha. Lillian Carter, mama yake Jimmy Carter aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikwenda India mwaka 1966 akiwa na miaka 68, akafanya uuguzi wa kujitolea karibu na Bombay kwa takriban miaka miwili. Wajerumani wana shirika zima la wastaafu wa namna hii, Senior Experten Service la mjini Bonn, lililoanzishwa mwaka 1983, na Waholanzi wana PUM tangu 1978. Hao huwatuma mafundi na mameneja waliostaafu nchi za mbali, mara nyingi kwa wiki chache tu, wakafanye jambo moja walilolijua maisha yao yote. Hapo kwenye jambo moja ndipo ninapotaka mtue na mtulie, kwa sababu wengi wa wanaoniandikia wanataka kwenda kufanya mambo kumi.

Tuwatazame wafinyanzi kwanza. Kwa Waluo, kufinyanga ni kazi ya wanawake, na kwa desturi mke hujifunza kule alikoolewa, akiwa chini ya mama mkwe na wake wenza. Ndiyo maana vyungu vya eneo moja hufanana umbo na nakshi ingawa waliovitengeneza wamezaliwa huku na kule. Gurudumu hakuna. Mama anaujua udongo kwa vidole, anauponda, anaupandisha pete juu ya pete, anasawazisha ukuta wa chungu kwa mkono, anakiacha kikauke polepole kisije kikapasuka, kisha vyungu vyote vinachomwa pamoja uwanjani, bila tanuri, kwa kuni, nyasi na samadi. Mtu aliyejifunza kazi hiyo kwa miaka mingi ubavuni mwa mama mkwe hahitaji semina ya siku mbili kutoka kwako.

Na kama bado unashawishika kwenda kufundisha, mkumbuke Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na leo vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, yakiwemo British Museum. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya Dame nchini Uingereza. Akiwa bado mwanafunzi wa sanaa huko Uingereza, katikati ya miaka ya 1970, alisafiri hadi Abuja, Nigeria, akajifunza kufinyanga kwa mkono kutoka kwa wanawake wa kituo cha ufinyanzi, akiwemo Ladi Kwali, ambaye naye alifundishwa na shangazi yake utotoni. Ikiwa Odundo alikaa chini akafundishwa na kinamama, mhasibu mstaafu kutoka Tarime hana haja ya kufika Karachuonyo akiwaonyesha wenyeji namna ya kushika udongo.

Vikapu vina habari yake. Mkonge unaota kwenye nyua na kando ya njia katika sehemu nyingi za Homa Bay. Mafunjo yako ufukweni, na mikeka yake ni ya tangu zamani. Halafu kuna gugumaji, lile jani lililovamia Ziwa Victoria upande wa Kenya karibu na mwaka 1990 na kuwafungia wavuvi njia katika Ghuba ya Winam. Siku hizi kando ya ziwa wapo wanaokausha mashina yake na kusuka vikapu na viti. Malighafi yote hii ama ni ya bure ama ni ya bei ndogo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakadhani faida ni kubwa.

Sasa sogeeni karibu, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Chukua mfinyanzi mmoja. Tarakimu hizi ni za mfano tu, ukifika utaweka za kwake. Tuseme amefinyanga vyungu 20, na vinne vikapasuka motoni, jambo ambalo kwa kuchoma uwanjani ni la kawaida. Vinabaki 16. Anauza kila kimoja shilingi 250, anapata 4,000. Mama anarudi nyumbani na noti mkononi na kila mtu anasema biashara imekwenda vizuri. Lakini kuni na nyasi zimekula 900, bodaboda ya kuleta udongo 600, gari la kupeleka vyungu sokoni 800, ushuru wa soko 100. Jumla 2,400. Kilichobaki ni 1,600, na kazi nzima, kuanzia kuchimba udongo hadi kuuza, imemchukua siku nane. Amejilipa shilingi 200 kwa siku.

Angalia kinachofuata. Anakuja mteja mwenye gari, anabembeleza, anapunguziwa shilingi 50 tu kwa kila chungu, na kwa vile jua linazama mama anakubali kuuza vyote 16. Anapata 3,200. Gharama hazikupungua hata senti. Kinabaki 800, yaani shilingi 100 kwa siku. Yule mteja alidhani ameokoa hela ya soda, kumbe amekata nusu ya ujira wa mama yule kwa siku nane. Na mama mwenyewe hajui, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa.

Wewe uliyekuwa karani wa mishahara, mweka hazina wa shule, meneja wa duka, muuguzi mkuu aliyepanga zamu na kuagiza dawa, hesabu hii unaifanya ukiwa nusu usingizini. Kaa na kikundi, mfanye wote pamoja kwa kila aina ya bidhaa, kwa lugha wanayoielewa, mpaka kila mmoja aweze kusema bila kusita: chini ya bei hii siuzi. Ukifanikiwa katika hilo peke yake, umefanya kazi ambayo makontena mawili ya misaada hayafanyi.

Baada ya bei njooni kwenye soko, na hapa nina msimamo. Wanaotoka ng'ambo hukimbilia kuwaza Marekani na Ulaya. Mimi nasema tazama kwanza barabarani. Barabara kuu ya kutoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo, ikapanda Kisii, ikashuka Oyugis na kuelekea Kisumu, inapitisha matatu, malori na mabasi mchana kutwa. Kuna hoteli za Homa Bay, Mbita na Kisumu zinazohitaji vyungu vya maua na vikapu vya mkate. Kuna shule, kuna makanisa, kuna watu wanaojenga nyumba mpya na wanataka kitu cha nyumbani sebuleni. Wateja hao wanafikika kwa simu na malipo yanaingia kwa M-Pesa siku hiyo hiyo.

Miaka ya 1990 shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, lilifanya kazi na vikundi vya wafinyanzi wanawake katika Kenya Magharibi kutengeneza jiko la Upesi, jiko la udongo linalokula kuni kidogo. Ninaupenda mfano huo kwa sababu ufundi ulikuwa ule ule wa kinamama, kilichoongezeka ni vipimo, na mnunuzi alikuwa jirani aliyechoka kutafuta kuni. Kwa upande mwingine Kazuri ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Susan Wood akiwa na kinamama wawili, ilifika nchi za mbali na kuajiri mamia ya wanawake, lakini bidhaa yake ni shanga: ndogo, nyepesi, unatia elfu kadhaa kwenye sanduku moja. Mtungi wa maji utaulipia nauli kubwa kuliko bei yake na ufike vipande. Kwa hiyo kama ni lazima kitu kisafiri ng'ambo, kiwe kikapu, na kiwe kimeagizwa na kulipiwa sehemu ya fedha kabla hakijasukwa.

Sasa taratibu, maana sitaki mtu aniaibishie kona hii kwa kukamatwa. Mgeni aliyeingia Kenya kama mtalii haruhusiwi kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Tangu Januari 2024 wageni wa nchi nyingi huomba idhini ya kusafiri kwa mtandao kabla ya kuondoka kwao, lakini hiyo ni ya kuingia nchini tu. Kwa kujitolea kuna pasi maalumu ya muda mfupi, na kuna kibali cha kundi I kwa shughuli za dini na za hisani. Shirika linalokupokea ndilo linalotakiwa kukusaidia kuomba. Ndugu zangu wa Tanzania na Uganda, Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na imerahisisha kuvuka, ila kuvuka mpaka wa Sirari hakukupi ruhusa ya kufanya kazi upande wa pili. Ulizeni uhamiaji mapema, kwa maandishi. Nanyi mliozaliwa Kenya mkachukua uraia wa kwingine, Katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha; mliopoteza wa Kenya kabla ya hapo mnaweza kuomba kurudishiwa, na mkiupata mnarudi nyumbani kama wenyeji.

Ukifika, usianzie kwenye kikundi. Pita ofisi ya afisa wa maendeleo ya jamii, pita kwa chifu na naibu wake, jitambulishe kwa mzee wa kijiji. Uliza kama kikundi kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kama hakijasajiliwa, hapo una kazi ya kwanza ya mikono yako: katiba ya kikundi, daftari la wanachama, kumbukumbu za mikutano, akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Kikundi kisicho na karatasi hizo hakiwezi kukopa kwenye Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa mwaka 2007 wala Hazina ya Uwezo ya 2013, hata kama vikapu vyake ni vizuri namna gani. Mtu aliyekaa ofisini miaka 30 huona makaratasi ni kitu kidogo. Kwa mama aliyeacha shule darasa la nne, huo ni ukuta.

Lakini nakusihi, usiwe mweka hazina. Usiwe mtia sahihi. Usiwe namba ya simu inayopokea pesa za wateja. Watakuomba, tena kwa upendo, kwa sababu wanakuamini na kwa sababu mgeni hana ukoo wa kumpendelea. Kataa kwa heshima. Siku utakayopanda basi kurudi kwako, kila kilichoshikiliwa na wewe kitaanguka.

Na kiinua mgongo kiache benki. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa ninawajua wastaafu waliomwaga akiba yao kwenye mradi wa wengine, wakanunua mashine ambazo hakuna aliyeziomba, na baadaye wakabaki wakigombana na watu waliowapenda. Kikundi kina mchango wake wa mzunguko, nyoluoro kama wanavyoita huko, kina utaratibu wa kukopeshana na wa kudaiana. Pesa yako nyingi ikiingia ghafla inavuruga utaratibu huo: wanaacha kuuliza kikapu kimeuzwa shilingi ngapi, wanaanza kuuliza mgeni atatoa nini. Lipa chakula chako, lipa chumba chako, changia matanga kama mwanakijiji mwingine, na ukinunua chungu kinunue kwa bei kamili, usiombe punguzo.

Nimetaja matanga, nisiyapite. Msiba ukitokea kijijini kazi inasimama, na haisimami kwa nusu siku. Mkutano uliopangwa Jumanne utasogea hadi wiki ijayo. Nenda na wenzako, kaa nao, pika nao. Vivyo hivyo mvua za masika zikianza Machi kinamama wako shambani, na vyungu havikauki. Panga kwenda Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba, na weka siku za akiba. Lugha nayo uifikirie: Migori ina Dholuo na Kikuria, Homa Bay ina Dholuo na wazee wa visiwani wanaojua Kisuba. Wewe wa Rorya unayezungumza Dholuo cha nyumbani una bahati ambayo mstaafu wa Bonn hana.

Afya yako pia. Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya mwezi Septemba 2019, ilizinduliwa kaunti ya Homa Bay. Lala ndani ya neti, beba dawa zako za presha za kutosha muda wote, usitembee miguu mitupu kwenye maji ya ufukweni kwa sababu ya kichocho, na mwambie mwenyeji wako una ugonjwa gani kabla hujazidiwa.

Jambo linalonigusa kuliko yote nimeliweka hapa. Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya UKIMWI nchini Kenya, na katika vikundi vingi utakuta wajane na mabibi wanaolea wajukuu. Watakueleza maisha yao, kwa sababu ukikaa na watu mkisuka mkonge mchana kutwa mazungumzo huja yenyewe. Uliyoyasikia yaache pale pale. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu ya virusi bila ridhaa yake, lakini hata kusingekuwa na sheria, mama hakukupa habari ya ugonjwa wake ili uibandike kwenye kikapu ukauze Manchester. Piga picha ya kikapu. Ya uso iombe, mwonyeshe, mwache achague. Mteja anunue kwa sababu kikapu ni kizuri na kimesukwa kikasukwa. Akinunua kwa huruma atanunua mara moja tu.

Mwisho wa kazi yako uupange kabla ya mwanzo. Chagua na kikundi, siku za kwanza kabisa, watu wawili wa kufanya nawe kila kitu: mmoja mtu mzima anayeheshimiwa, mwingine msichana aliyemaliza shule anayeijua simu. Kila barua utakayoandika, wao waiandike tena kwa mkono wao. Kila mteja utakayempigia, wao wapige wa pili. Mwezi wa mwisho keti nyuma, nyamaza, wacha wakosee na kujirekebisha ukiwa ungali hapo. Ukirudi kwako, wapigie mara moja kwa mwezi usikilize hesabu, usitoe amri.

Anayetaka kwenda Januari aanze leo. Andika ukurasa mmoja tu: kazi uliyofanya, unachoweza kuonyesha watu wakakielewa, miezi uliyo nayo, lugha unazozungumza. Mpelekee afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo dogo unalolitaka, Nyatike, Rongo, Ndhiwa au Karachuonyo, na umwombe awasomee kinamama wenyewe. Wakisema hawakuhitaji, shukuru, ujaribu kikundi kingine. Wakisema njoo, funga mzigo, na daftari uliweke juu kabisa.